Jinsi ya Kutunza Kinyama cha Biopsi Kabla Hakijafika Maabara

Kinyama cha biopsi, yaani kipande kilichokatwa mwilini ili kipimwe, kikiharibika njiani, hakuna hadubini itakayokiokoa. Kikishatoka mwilini seli hukosa oksijeni, na vimeng'enya vyake vyenyewe huanza kuzila. Joto huharakisha kazi hiyo. Basi chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, iwe mezani kabla ya kisu.

Inayotakiwa ni fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, yaani chumvi za kuizuia isichachuke. Kwa lita 1 hivi, changanya maji yaliyokenekwa mililita 900, fomaldehaidi ya dukani (asilimia 37 hadi 40) mililita 100, sodiamu dihaidrojeni fosfeti gramu 4 na daisodiamu haidrojeni fosfeti isiyo na maji gramu 6.5. Fanya kazi hii penye hewa, ukiwa na glavu na miwani. Chumvi hizo mbili ndizo watu huziruka kubana matumizi. Bila hizo fomalini huchachuka, na ikikutana na damu huacha kwenye slaidi chembe za kahawia iliyokolea, zinazofanana mno na zile za malaria.

Kinyama cha gramu 5 kipate angalau mililita 50. Chupa iwe na mdomo mpana: nyama huingia laini, ikishakakamaa haitoki.

Penye matatizo zaidi ni titi lililokatwa zima. Fomalini hupenya takribani milimita 1 kwa saa, tena hupungua kasi kadiri inavyozama. Nje hukaza huku katikati panaoza. Mpasuaji aweke nyuzi za kuonyesha pande, fupi upande wa juu, ndefu upande wa nje, wa kwapani. Kisha, kama maabara iko mbali na mmekubaliana nayo, lipasuliwe kila sentimita 1 bila kutenganisha vipande, na shashi katikati. Liingie kwenye fomalini ndani ya saa 1, likae humo saa 6 hadi 72. Nje ya hapo, vipimo vya vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazopokea homoni) haviaminiki.

Maji ya chumvi hayahifadhi kitu, na friza hupasua seli kwa barafu. Ila kipande cha kuotesha vimelea vya kifua kikuu kisiguse fomalini, kwa kuwa huviua. Hicho ndicho kiende na maji ya chumvi yasiyo na vijidudu, kwenye chupa yake.

Jina, namba na sehemu kilikotoka viandikwe kwenye chupa yenyewe. Mifuniko hubadilishana.