Akti ya kuzaliwa ya mtoto: fika kabla siku 90 hazijaisha

Mimi napiga fotokopi kando ya ofisi ya komini, hapa Lubumbashi. Mara nyingi mama anafika na mtoto mgongoni, ananipa karatasi ya maternite: "Papa, nipigie kopi mbili za akti." Hiyo si akti, mama. Ni cheti cha hospitali. Akti inaandikwa na ofisa wa etasivile (biro ya komini inayoandika vizazi, ndoa na vifo) katika rejista ya Serikali.

Kanuni ya Familia, sheria ya Kongo, tangu ilipogeuzwa 2016, inawapa wazazi siku 90 tangu mtoto azaliwe, na ndani ya siku hizo kuandikisha mtoto ni bure. Mtu akikuomba makuta ya "kalamu", mwombe risiti, kwa heshima, lakini na wengine wasikie.

Wewe unayekaa Annexe, komini ile inayozunguka zingine sita, usikimbilie kupanda bisi ya mjini. Anza kwa shefu wa kartie, akuonyeshe biro inayopokea watu wa kwenu.

Beba cheti cha maternite, karte ya elekteri (ya kupigia kura) ya baba na ya mama, na akti ya ndoa kama ipo. Kama hamjafunga ndoa, papa aje mwenyewe amkubali mtoto mbele ya ofisa. Mtoto aliyezaliwa nyumbani anaweza kutangazwa hata na yule aliyemzalisha. Toa kopi, orijinali ushike mwenyewe (sisemi hivyo kwa sababu nauza kopi. Au tuseme kidogo tu).

Sasa, pahali watu wanapoponyokewa ni kwenye saini. Karani anaandika haraka, foleni ni ndefu, mzazi anaona haya kuomba asome. Omba! Soma jina, postinomu (jina la pili), prenomu (kama Marie au Joseph), tarehe, na majina yenu wazazi, herufi kwa herufi. Ngoy ya baba isigeuke Ngoie kwa mtoto. Kama hujui kusoma, njoo na mtu unayemwamini. Kabla ya saini karani anasahihisha palepale. Baada yake, ni mambo ya tribinali, yaani korti.

Siku 90 zikipita, napo ni tribinali: ya watoto ndiyo inatoa hukumu, kisha unairudisha etasivile iandikwe. Inawezekana, ila inakula muda na makuta.

Ukipewa akti, angalia mhuri na saini kabla ya kutoka mlangoni. Shule ikiiomba Septemba, peleka kopi.