Kisu cha porini: namna ya kukijaribu mpaka kivunjike

Visu na mapanga mengi yanayofuliwa Mtwara na Lindi hutokana na springi za malori. Chuma chenyewe ni kizuri. Kasoro iko kwenye majaribio: mteja hunyoa vinyweleo vya mkono, anaridhika, analipa. Hapo amepima makali ya siku hiyo tu, hajajua kisu kitafanya nini kikichomekwa kwenye gogo la mkorosho kisha kikageuzwa ubavu.

Kwanza tenganisha mambo mawili. Ugumu ni chuma kukataa kukwaruzwa. Uvumilivu ni chuma kupigwa na kupinda bila kukatika. Ukiongeza kimoja, kwa kawaida kingine kinapungua, na kazi ya fundi ni kujua ameachia wapi.

Maandalizi

Toa kisu kimoja katika kila mkupuo uliotoka springi moja na moto mmoja. Hicho ni cha kufa. Pima unene wa mgongo karibu na mpini, katikati na karibu na ncha, uandike. Andaa jiliwa (kibano cha fundi) iliyofungwa mezani kwa bolti, tupa mpya, fimbo ya shaba ya njano ya mm 6, bomba la mita 1, mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, ubao wa plaiwudi uliochorwa nyuzi kumi kumi, mafuta ya taa, chaki na gunia la korosho.

Miwani ya kazi si ya hiari. Ncha iliyokatika huruka bila kuonekana, kwa hiyo mtu yeyote asisimame mbele ya kisu wala ubavuni, na watoto watoke kabisa.

Hatua ya 1: tafuta nyufa

Springi iliyokula miaka barabarani inaweza kuwa na nyufa ndogo, na chumvi ya pwani huzidi kuzila. Loweka kisu kwenye mafuta ya taa usiku kucha, kifute kikauke, kisha kipake unga wa chaki. Baada ya muda mfupi mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Kisu chenye mstari kiweke pembeni, usipoteze nguvu kukijaribu.

Hatua ya 2: tupa

Sugua kwanza ngozi ya juu kwa msasa, kwa sababu moto hula kaboni ya juu na kuacha utando laini unaodanganya. Kisha pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, kisu ni kigumu mno kwa kazi ya porini, huenda hakikupashwa tena baada ya kuzimwa, yaani kutumbukizwa kwenye maji au mafuta kikiwa chekundu. Ikiuma kidogo kwa shida, hapo ndipo panapotakiwa. Ikila chuma kirahisi, hakikushika moto, au grinda iliyachoma makali wakati wa kunoa. Rangi ya buluu kwenye makali inamaanisha yalifika karibu nyuzi joto 300 za Selsiasi, na kumwagia maji baadaye hakurudishi kitu.

Hatua ya 3: shaba

Bana fimbo ya shaba kwenye jiliwa ikiwa imelala, weka taa nyuma yake. Laza makali juu yake kwa nyuzi 15 hivi, kandamiza huku ukiburuta. Utaona makali yakivimba kidogo juu ya fimbo. Yakirudi yalivyokuwa, vizuri. Yakibaki yamelala, ni laini. Yakimeguka, ni makavu. Lakini usihukumu chuma kabla ya kupima pembe: makali ya nyuzi 25, ukijumlisha pande zote mbili, yanaweza kulala hata chuma kiwe bora. Kwa kisu cha kukatia kuni, 35 hadi 40 ni sawa.

Hatua ya 4: kukata

Anza na mwanzi mkavu, fuata tawi kavu la mkorosho, malizia na mabaki ya mpingo kutoka kwa wachongaji. Mpingo ni mzito hata unazama majini, na fundo lake humaliza ubishi haraka. Piga mara 50 kwa kila mti na ukague makali kwenye mwanga kabla ya kuhamia mwingine. Mwishoni laza msumari wa inchi 3 juu ya gogo, weka makali juu yake, piga mgongo kwa rungu la mti. Pengo dogo lisilozidi nusu milimita linavumilika. Usitumie nyundo ya chuma: mgongo mgumu unaweza kurusha kipande usoni.

Hatua ya 5: kupinda

Bana theluthi ya kisu upande wa ncha, ukikinga meno ya jiliwa kwa vipande vya shaba au mbao. Vingirisha gunia pale jiliwa inapoishia. Ingiza bomba kwenye mpini. Mpini ukiwa mnene, utoe na uvishe bomba kwenye mkia wa chuma. Funga mizani mwisho wa bomba, simamisha plaiwudi nyuma.

Vuta taratibu, mizani ikifanya pembe mraba na bomba, mguu mmoja nyuma maana bomba likiachia utakwenda nalo. Fika nyuzi 10, soma kilo, achia, tazama kama kisu kimenyooka. Halafu 20, halafu 30, hivyo hivyo. Zidisha kilo kwa umbali kutoka jiliwa hadi ndoano: kilo 15 kwa mita 0.8 ni 12. Namba hiyo ndiyo ya kulinganisha, si kilo peke yake.

Hapa watu hukosea sana. Kisu cha mm 5 kinakaza karibu mara mbili ya kile cha mm 4, kwa sababu ukakamavu hukua kwa unene × unene × unene. Lakini kinene huvunjika kwenye pembe ndogo zaidi, kwani ngozi yake ya nje inavutwa zaidi. Kwa hiyo panga la mm 2 linalopinda hadi nyuzi 60 halijakishinda kisu cha mm 6 kilichokatika kwenye 30. Linganisha unene kwa unene, na urefu ulio huru uwe uleule.

Chama cha wafua visu cha Marekani, American Bladesmith Society, hudai kisu cha mtahiniwa kipinde nyuzi 90 bila kuvunjika. Ni kisu kilichoandaliwa kwa mtihani, mgongo ukiachwa laini. Kwangu mimi kisu cha mm 4 kinachorudi sawa kutoka nyuzi 20 na kutovunjika kabla ya 30 kinafaa shamba na pori.

Hatua ya 6: soma pale kilipokatika

Usikimbilie kutupa vipande, na usiguse uso wa mkato kwa vidole vyenye mafuta. Uso wa kijivu uliofifia, laini kama unga, ni chuma kilichopikwa vizuri. Chembe kubwa zinazometa zinaonyesha moto ulizidi; kupasha tena kwa joto dogo hakutatibu. Visu vilivyobaki virudishwe motoni mara tatu hadi sumaku iache kushika, karibu nyuzi 770, kila mara vipoe hewani, ndipo vizimwe upya. Doa jeusi au la kahawia kwenye mkato ni ufa wa zamani, ulioingia wakati wa kuzima na kupata rangi kwenye moto uliofuata. Hapo punguza ukali wa kuzima: tumia mafuta yaliyopashwa badala ya maji.

Mkato ukiwa mzuri lakini kisu kilikatika mapema, pasha vilivyobaki nyuzi 230 kwa saa 2 na ujaribu kingine. Na kama kilikatikia kwenye kona ya mkia, usilaumu moto. Kona ya mraba hukusanya nguvu sehemu moja. Ifanye duara kwa tupa ya mviringo.