Dawa inampa njaa: namna tunavyodhibiti uzito wa mdogo wangu anayetumia olanzapini

Kama ndugu yako ameandikiwa olanzapini au klozapini wiki hii, mpime uzito leo. Usingoje suruali ianze kumbana. Kati ya dawa za skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra za mtu, hizi mbili ndizo zinazoongoza kwa kunenepesha, na kilo nyingi huingia katika miezi ya mwanzo. Kwetiapini, risperidoni na klopromazini nazo huongeza uzito. Haloperidoli na aripiprazoli kwa kawaida huongeza kidogo.

Mimi ndiye dada mkubwa na ndiye mpishi wa nyumba yetu hapa Tanga. Mdogo wangu anaumwa skizofrenia, na olanzapini ndiyo iliyomrudisha kwetu: analala, anakwenda msikitini na wenzake, anakaa barazani na mama wakazungumza. Kwa hiyo yote ninayoyaeleza hapa yanasimama juu ya jambo moja: dawa inaendelea. Kuikatisha ghafla kwa sababu ya unene ni kuukaribisha ugonjwa upya, na kwa klozapini hali inaweza kuharibika haraka sana.

Njaa yenyewe

Dawa hizi huziba vipokezi vya histamini na serotonini kwenye ubongo, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali hizo mbili, na ambazo zina kazi katika kumfanya mtu ajisikie ameshiba. Mgonjwa anamaliza sahani, na baada ya muda mfupi ana njaa ya kweli, haigizi. Vilevile dawa inaweza kuufanya mwili usiitikie vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ndiyo maana sukari inaweza kupanda hata kwa mtu ambaye hajanenepa sana. Ukishalijua hilo, acha kumwita mlafi. Kwetu neno hilo halitamkwi, hata na watoto. Anayesimangwa chakula atakula kwa kujificha, au atavitupa vidonge akidhani ndiyo njia ya kukuridhisha.

Kuna na la majirani. Mtu akitoka hospitali akaanza kunenepa, kila anayepita husema amenawiri, dawa zimemkubali. Kweli, aliyedhoofu kwa ugonjwa anahitaji kurudisha mwili wake. Lakini macho ya majirani hayawezi kukuambia mwili umerudi kiasi gani na lini umepitiliza. Mizani inaweza.

Mpime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, akishatoka chooni na kabla ya chai. Kama hamna mizani, nendeni zahanati au duka la dawa lenye mizani, na iwe hiyohiyo kila mara. Andika kwenye daftari. Kiuno kipime kwa tepu ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, akiwa ameshusha pumzi. Mwanamke akizidi sentimita 80 na mwanamume akizidi 94, hatari ya kisukari na ya moyo inapanda. Na akiongezeka zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya mwezi wa kwanza (kwa mwenye kilo 60 ni kilo 3), usisubiri tarehe ya kliniki, nenda kabla.

Jikoni, na nje ya jiko

Anza na vinywaji, hapo ndipo utakapoona mabadiliko mapema. Wagonjwa wengi hupewa pia benzhexoli ili mwili usikakamae, na hiyo hukausha mdomo. Mdomo ukikauka mtu hutafuta soda. Soda ya kola ya nusu lita ina takriban gramu 50 za sukari, yaani zaidi ya vijiko 12 vya chai, na haimshibishi hata kidogo. Kwetu kuna chupa za maji ya baridi yenye vipande vya ndimu, na chupa ya chai ya rangi yenye mchaichai na tangawizi. Sukari ya chai tuliipunguza kijiko kwa kijiko, nyumba nzima, hadi ulimi ukazoea.

Asubuhi maandazi yamepisha mayai ya kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha. Protini asubuhi hushikilia tumbo muda mrefu. Mchana nusu ya sahani ni mboga za majani, robo ni ugali wa dona au wali, na robo ni samaki, dagaa, kunde au maharage. Mchicha na matembele vinapikwa na nyanya na vitunguu, na nazi tunaiweka kwa kisamvu cha Ijumaa. Mafuta yapime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu, kwa sababu kijiko kimoja kikubwa kina kalori zipatazo 120. Chipsi mayai hatukupiga marufuku. Ananunua mara moja kwa wiki, siku anayoichagua mwenyewe.

Sinia lilinisumbua kuliko vyote. Sisi tumelelewa kula pamoja, na katika sinia huwezi kujua nani amekula kiasi gani. Kumpakulia yeye peke yake pembeni ni kumtenga, na mgonjwa wa akili ametengwa vya kutosha. Basi siku za kawaida sote tunakula kwenye sahani, mama pia, tukiwa kwenye mkeka uleule. Sinia limebaki la sikukuu na wageni. Kama hamko tayari kubadilika nyumba nzima, mgonjwa hataweza peke yake.

Usiku ndio mgumu. Usifunge kabati kwa kufuli, hilo ni jela. Usilete biskuti nyumbani, basi. Acha mahali anapoona matango, karoti, yai la kuchemsha, bakuli dogo la kunde. Muulize daktari pia kama dozi inaweza kunywewa karibu na kulala, ili njaa na usingizi vimkute kitandani. Kuhusu Ramadhani, ratiba ya dawa ipangwe na daktari kabla mwezi haujaandama, na futari ianze na supu na samaki, kalmati zije mwisho kama zipo.

Kutembea: lengo la kawaida ni dakika 150 kwa wiki. Sisi tunakwenda Raskazone baada ya alasiri, jua likiwa limepoa. Anayetumia klopromazini ngozi yake huungua upesi kwa jua, avae mikono mirefu na kofia. Anza na dakika 10, kwa kuwa dawa humfanya mtu awe mzito. Na mtembee naye, usimtume.

Mbele ya daktari

Usiseme tu "amenenepa". Fungua daftari, soma namba, halafu uliza haya. Sukari kabla hajala, mafuta kwenye damu na presha vilipimwa lini? Vipimo hivyo vinatakiwa mwanzoni mwa dawa, tena baada ya miezi mitatu hivi, kisha angalau kila mwaka. Je, dozi iliyopo ndiyo ndogo inayotosha? Je, anaweza kuhamishiwa dawa isiyonenepesha sana, kama aripiprazoli? Kuhama hufanywa polepole na chini ya uangalizi, na si kila mtu anafaa: aliyefikishwa kwenye klozapini baada ya dawa nyingine kushindwa mara nyingi hubaki nayo.

Kisha uliza kuhusu metformini. Hii ni dawa ya kisukari, lakini hutumika pia kwa watu wasio na kisukari walionenepa kwa dawa hizi. Kwa wastani hupunguza kilo zipatazo 3, na miongozo mipya ya kitabibu inashauri ianzwe mapema kwa wanaopewa olanzapini au klozapini. Huanza kwa dozi ndogo, pamoja na chakula, kwa sababu inaweza kuleta kichefuchefu na kuharisha. Mwenye figo mbovu huenda asiruhusiwe. Usiinunue mwenyewe dukani.

Utashauriwa mengi mitaani. Mirungi ndiyo ninayoiogopa zaidi. Ni kweli inakata hamu ya kula, lakini inauchochea ubongo na inaweza kuurudisha ugonjwa. Chai za kupunguza mwili nyingi ni dawa za kuharisha tu. Na sigara: moshi wake huufanya mwili uondoe olanzapini na klozapini kwa haraka, kwa hiyo mgonjwa akiacha kuvuta, kiwango cha dawa kwenye damu hupanda. Kuacha ni jambo jema, ila daktari ajue kwanza ili arekebishe dozi.

Kama kilo zimeshaingia, lengo la kwanza liwe asilimia 5 kwa miezi kadhaa. Kwa mwenye kilo 80 ni kilo 4. Uzito ukisimama bila kushuka, hiyo pia ni kazi iliyofanyika, endeleeni. Mpime sukari hata akipungua.

Ila kuna hali zisizosubiri kliniki. Akianza kukojoa mno, kiu isiyoisha, macho kuona ukungu, au akakonda ghafla bila kupunguza chakula, apimwe sukari siku hiyohiyo. Akitapika, akapumua kwa kasi au akachanganyikiwa, ni dharura. Kwa anayetumia klozapini, asipopata choo kwa siku kadhaa na tumbo likavimba au kuuma, naye apelekwe hospitali mara moja. Chukua maboksi yote ya dawa anazotumia uende nayo.