Somo: Kuthibitisha utambulisho kwa vena za kidole

Alama ya kidole huachwa kwenye kila kitasa na kila kioo unachokigusa, ilhali mtandao wa vena (mishipa ya damu) ulio chini ya ngozi hauachi chapa popote. Himoglobini iliyomo katika damu hufyonza mwanga wa infraredi wenye mawimbi ya kati ya nanomita 700 na 900, mwanga ambao hupenya nyama inayozunguka vena, hivyo kamera huziona vena kama mistari myeusi. Kampuni ya Hitachi ya Japani ndiyo iliyoiendeleza sana teknolojia hii, na benki za huko zimeitumia kwenye mashine za kutolea fedha.

Hatua ya 1: Chagua kisomaji. Dai kifaa kinachopima kama kidole ni hai. Mwaka 2014 watafiti wa taasisi ya Idiap ya Uswisi walionyesha kwamba picha ya vena iliyochapishwa kwenye karatasi iliweza kukidanganya kisomaji, kwa hiyo usiridhike na maneno ya muuzaji.

Hatua ya 2: Sajili watumiaji. Hapa ndipo usalama wote unapojengwa au kubomolewa. Hakikisha kwanza, kwa hati halali na mbele ya msajili, kwamba mtu ni yule anayesema kuwa ndiye, kwa sababu mashine haijui jina la mtu. Inajua tu kwamba kidole cha leo ni kile kilicholetwa siku ya usajili. Chukua picha kadhaa za vidole viwili, ikiwezekana kimoja cha kila mkono. Kidole kilale kimenyooka bila kukandamizwa, maana ukikikandamiza damu husukumwa nje ya vena na mistari hufifia.

Hatua ya 3: Linda kiolezo. Usihifadhi picha yenyewe, bali kiolezo, yaani muhtasari wa kihisabati wa mpangilio wa vena, kilichosimbwa (kilichofichwa kwa ufunguo wa siri), na ufunguo wake ukae mahali pengine. Napendelea kiolezo kibaki ndani ya kadi ya mtumiaji, kwani ghala moja lenye violezo vya watu wote humpa mwizi sababu ya kulivunja.

Hatua ya 4: Weka kizingiti, yaani kiwango cha kufanana na kiolezo ambacho kidole lazima kikifikie ili kikubaliwe. Kikiwa cha juu, wenye haki watakataliwa mara kwa mara. Kikiwa cha chini, wageni watapita. Kijaribu kwa watumiaji wako halisi.

Maswali ya wanachama

*Je, pacha wanaofanana wanaweza kufunguliana?*
Hapana kwa kawaida, kwa kuwa mpangilio wa vena hutofautiana hata kati ya pacha hao, na hata kati ya vidole vya mtu mmoja.

*Mbona asubuhi za baridi ninakataliwa?*
Baridi huibana mishipa na picha hukosa mistari ya kutosha. Pasha mikono joto kisha ujaribu tena, au tumia kidole cha pili ulichosajili. Msimamizi asishushe kizingiti kwa ajili ya hilo.

*Kiolezo changu kikiibwa, nitabadilisha nini, na vidole ni vilevile?*
Swali hili liulizwe kabla ya kununua mfumo wowote. Upo ulinzi unaokigeuza kiolezo kwa ufunguo wa siri kabla ya kukihifadhi, na kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 24745 kinadai kwamba kiolezo kiweze kufutwa na kutolewa kingine kutoka kidole kilekile, bila cha zamani kuoanishwa na kipya. Mfumo usio na uwezo huo usiwekewe vidole vya watu.