Kujihifadhi Ngomeni Dhidi ya Mazombi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua, kwa Mfano wa Fort Jesus

Mwongozo huu umetokana na zoezi la kujiandaa kwa maafa ambalo huwa nalisimamia kwa vijana wa mtaani kwetu Mombasa. Wao ndio waliochagua mazombi wawe adui, nami nikaafiki, kwa sababu adui asiyelala, asiyechoka na asiyekubali suluhu humlazimisha mtu ajiulize maswali yaleyale waliyojiuliza watu waliozingirwa kweli ndani ya ngome za pwani yetu. Kazi yangu ya kila siku ni ukarabati wa majengo ya mawe ya Mji wa Kale, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu yale yanayohusu mawe, maji na chokaa, na mengine nitayapitia kwa haraka.

Kila kundi likipewa karatasi huchora ukuta kwanza, kisha lango, kisha silaha. Historia ya Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno hapa Mombasa, inaonyesha kwamba mpangilio huo umepinduka. Waomani waliizingira ngome hiyo tarehe 13 Machi 1696 na kuitwaa tarehe 13 Desemba 1698, yaani baada ya miezi 33, na katika muda wote huo maradhi na upungufu wa mahitaji viliwaua watetezi wengi kuliko mizinga. Kufikia Agosti 1697 kapteni Mreno alikuwa amekufa, na aliyebaki akiishikilia ngome alikuwa Bwana Daudi wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, pamoja na jamaa zake na kundi dogo la Waafrika, wengi wao wanawake, mpaka msaada ulipofika kwa njia ya bahari. Ukuta ulikuwapo siku zote. Watu ndio waliokwisha.

Hatua ya kwanza: Kubalianeni kuhusu tabia za adui

Andikeni sentensi chache na msizibadilishe katikati ya zoezi. Sisi tunachukulia kwamba mazombi wanatembea polepole, hawapandi ngazi, hawatumii zana, hawaogelei, huvutwa na sauti na harufu, na wakisongamana mahali pamoja hulaliana hadi wakawa rundo refu. Ugonjwa wao huambukiza kwa kuumwa. Hayo yanatosha.

Hatua ya pili: Chagueni jengo

Kwa kuwa adui huyu hana mizinga, unene wa ukuta si hoja kubwa. Hoja ni idadi ya matundu, urefu wa mzunguko unaopaswa kulindwa, ukaribu wa bahari, na iwapo kuna paa linaloweza kukinga mvua. Gedi, magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, ina visima na kuta nyingi, lakini kuta zake zimebomoka na ukuta wa nje ni mrefu kupita uwezo wa kundi dogo. Ngome Kongwe ya Unguja, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, imezungukwa na mji uliosongamana na haina handaki la kuuzunguka ukuta. Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ilikuwa ukingoni mwa maji, lakini leo majengo mengine yamesimama kati yake na bahari. Gereza la Kilwa Kisiwani, ambalo ni ngome ya zamani, lina faida kubwa ya kuwa kisiwani, ila halina paa na sehemu zake zimeanguka, kwa hiyo anayelichagua hana budi kuikinga mvua kwa maturubai.

Mimi huchagua Fort Jesus. Ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, na buruji zake, yaani minara ya kwenye kona, zimechongwa kwa pembe ili mlinzi aliyesimama kwenye buruji moja aone miguu ya kuta za jirani bila kuinamia nje. Upande wa nchi kavu kuna handaki lililochongwa kwenye mwamba wa matumbawe, na upande wa pili kuna bahari. Lakini msidanganyike na bahari hiyo. Katika siku za bamvua, yaani za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hapa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na ukuta unaopigwa na mawimbi saa za maji kujaa huwa na mwamba mkavu miguuni mwake yanapokupwa. Upande wa bahari ulindwe kwa ratiba ya maji, wala si kwa ratiba ya jua.

Hatua ya tatu: Ingieni na mkague kila chumba

Wawili wawili, kwa taa, kuanzia langoni kwenda ndani.

Hatua ya nne: Maji

Hapa ndipo zoezi letu hukwama kila mara, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asome taratibu.

Kosa la kwanza ni kuona kisima na kufurahi. Ndani ya Fort Jesus kipo kisima kirefu kilichochimbwa na Wareno, na maji yake ni ya chumvi. Yanafaa kufulia na kuogea, hayafai kunywa. Katika pwani ya matumbawe maji matamu huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ndani ya mwamba, na tabaka hilo tamu linaweza kuwa jembamba sana. Ukikuta kisima chenye maji ya kunyweka, kionje maji yakiwa yamejaa na ukionje tena yakiwa yamekupwa kabla ya kukitegemea. Kisha teka kwa ndoo, polepole, na ukipe nafasi kati ya mteko na mteko. Sikubali pampu kwenye kisima cha namna hii, hata iwe ndogo kiasi gani, kwa sababu kuvuta kwa nguvu hupandisha maji ya chumvi kutoka chini, na kisima kikishaingia chumvi kinaweza kukaa muda mrefu kabla ya kurudi kuwa kitamu.

Kwa hiyo maji ya kunywa ni maji ya mvua. Wareno walilijua hilo na walijenga birika la kuyahifadhi ndani ya ngome. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita 1. Chukueni mfano wa watu 50 wanaotumia lita 5 kila mmoja kwa siku kwa kunywa na kupika tu. Hizo ni lita 250 kwa siku, na kiangazi cha siku 90 kinahitaji lita 22,500. Mvua ya milimita 200, kiasi ambacho mwezi mzuri wa masika Mombasa unaweza kukileta, ikinyesha juu ya paa la mita 150 za mraba hutoa lita 30,000, na ukitoa sehemu moja ya tano inayopotea kwa kumwagika na kukauka, unabaki na lita 24,000. Matangi matano ya lita 5,000 yanatosha kuyabeba, mradi yawe yamewekwa na kuunganishwa kabla ya masika. Anayefika Januari mikono mitupu atasubiri mvua huku watu wake wakihesabu vikombe, kwa hiyo msimu wa kuingia ngomeni ni sehemu ya mpango.

Paa la kukingia liwe la mabati. Makuti hayafai, kwa kuwa maji yake huwa ya rangi ya chai na hujaa wadudu. Wala msikinge maji ya uwanjani hata kama uwanja ni mpana na unashawishi, maana kunguru, paka na popo wote hupita hapo. Maji ya kwanza ya kila mvua iliyokuja baada ya ukavu yamwagwe. Mimi humwaga lita 100 kwa kila mita 100 za mraba za paa, kisha ndipo naelekeza bomba tangini. Mdomo wa tangi ufungwe kwa wavu wa mbu, na tangi lisipitishe mwanga, la sivyo ukungu wa kijani utaota ndani.

Kuhusu kuyatibu, napendelea klorini kuliko kuchemsha, kwa sababu ndani ya ngome hakuna kuni, na kila mzigo wa kuni ni safari ya nje. Dawa ya kawaida ya klorini ya kuondolea madoa, isiyo na manukato wala sabuni, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, hutiwa matone 2 kwa kila lita ya maji maangavu, ikakorogwa na kuachwa kwa dakika 30. Maji yakiwa na ukungu, yachujeni kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa na muongeze hadi matone 4. Dawa hiyo hupoteza nguvu ikikaa kwenye joto, kwa hiyo ihifadhiwe kwenye chumba cha chini chenye ubaridi, na chupa zenye tarehe ya zamani zitumike mwanzo. Ikiisha, tumieni jua: chupa angavu za plastiki zisizozidi lita 2, zilizojazwa maji maangavu na kulazwa juani kwa saa 6, au siku 2 mfululizo mawingu yakitanda. Njia hiyo haifanyi kazi kwa maji machafu, na chupa za rangi hazifai.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni choo, nami nakiweka hapa kwa makusudi. Mwamba wa matumbawe una vinyweleo na nyufa, na uchafu uliomwagwa shimoni unaweza kufika kisimani bila kuchujwa kama unavyochujwa na udongo. Ile kanuni ya kuchimba choo mita 30 kutoka kisimani hutolewa kwa ajili ya udongo, na juu ya mwamba huu siiamini. Ndani ya ngome msichimbe shimo la choo kabisa. Tumieni ndoo zenye vifuniko, kila mtu anyunyize majivu au chokaa baada ya kujisaidia, na ndoo zimwagwe upande wa bahari maji yanapoanza kupwa, kamwe si yanapoanza kujaa. Sabuni na maji ya kunawa viwe pale pale penye ndoo. Maji ya kisima cha chumvi yanatosha kwa kazi hiyo.

Hatua ya tano: Lango na matundu

Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, aliyelelewa Goa, koloni la Wareno huko India, na kubatizwa kwa jina la Jerónimo Chingulia, aliitwaa Fort Jesus bila kuuvunja ukuta. Aliingia na watu wake ndani, na kapteni akauawa humo humo. Mazombi hawana hila hiyo, lakini aliyeumwa na kuficha jeraha anayo, na atakuwa ndugu au rafiki wa mtu aliyeko ndani. Kwa sababu hiyo pawe na sehemu ya kungojea kati ya milango miwili, ukaguzi wa mwili mzima kwa kila aingiaye, wanawake wakikaguliwa na wanawake, na kukaa humo kwa muda mliokubaliana mapema. Kamwe asikaguliwe mtu na jamaa yake.

Kumbukeni pia njia zilizochongwa ndani ya mwamba kuelekea baharini, ambazo zamani zilitumika kuingizia mahitaji. Zizibwe kwa mawe makavu yaliyopangwa vizuri, si kwa kujengea, ili ziweze kufunguliwa mkitaka kutoka. Rundo la mazombi likianza kuinuka mguuni mwa ukuta, msipige kelele juu yake. Piga kengele au debe kwenye buruji ya upande wa pili, watatawanyika kuifuata sauti.

Hatua ya sita: Tengenezeni ukuta kwa chokaa

Saruji isiguse ukuta wa zamani. Nasisitiza hili kwa sababu nimekuwa nikiyaona madhara yake kwa macho yangu katika nyumba za Mji wa Kale: kiraka cha saruji kinabaki kizima, kigumu, na jiwe la matumbawe linalokizunguka linageuka unga mweupe unaodondoka ukilisugua kwa kidole. Saruji haipumui; unyevu na chumvi hunaswa nyuma yake na kutafuta njia ya kutokea kwenye jiwe. Chokaa hupumua, na hulegea kidogo ukuta unapocheza. Matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri la kuni hutoa chokaa ile ile waliyotumia waliojenga. Kuizima kwa maji huchemka kwa nguvu, kwa hiyo kingeni macho na muwe na maji safi ya kuyaosha. Lipu ya chokaa ilowanishwe kila siku kwa siku kadhaa, isikauke ghafla juani.

Wanaofanya zoezi tu, na si kukimbia maafa, wasitoboe wala kupigilia kitu chochote. Jengo hili liko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2011, na ruhusa ya makumbusho itafutwe kabla ya kufunga hata kamba.

Hatua ya saba: Chakula na njia ya bahari

Nusu kilo ya nafaka na kunde kwa mtu kwa siku, kwa watu 50 na siku 90, ni kilo 2,250, yaani magunia 25 ya kilo 90. Ongezeni ng'onda, tende na achari ya ndimu. Mchele mweupe peke yake kwa miezi huleta maradhi ya miguu na moyo, kwa hiyo changanyeni na mtama na kunde. Mwaka 1729 Wareno waliokuwa wameirudia ngome walisalimu amri kwa njaa, kwa hiyo msihesabu magunia kwa kukisia.

Adui asiyeogelea amewaachia bahari. Muwe na mashua mbili, si moja, na mjue saa za maji kwa moyo. Uvuvi ufanywe na wanaoujua tayari.

Hatua ya nane: Amueni mapema siku ya kuondoka

Mwaka 1698 merikebu za msaada zilifika siku chache baada ya ngome kutekwa, na mabaharia wakaiona bendera ya Oman juu yake. Msipange kungoja msaada. Watu 50 wakisafiri siku 3 kwa lita 5 kila mmoja wanahitaji lita 750, kwa hiyo pigeni alama ya rangi kwenye tangi la mwisho penye lita 1,000 siku ile ile mnapoliweka. Maji yakifika hapo, vyombo hupakiwa na watu huondoka na kupwa linalofuata, hata kama magunia bado yapo na ukuta haujaguswa.