Choa cha mtoto: soma tyubu kabla ya kupaka

Wazazi wenzangu wa Dodoma, tuzungumze kuhusu ile krimu inayosifiwa dukani kuwa "kiboko ya fangasi". Mara nyingi ni mchanganyiko: dawa ya fangasi, ya bakteria, na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Mtoto akipakwa leo, kesho hajikuni. Hapo ndipo tunapodanganyika. Steroidi haiui fangasi. Inazima mapambano ya mwili dhidi yao, ndiyo maana muwasho unatulia huku fangasi wakiendelea kutambaa. Ukiacha kupaka, choa kinarudi kikubwa zaidi, na ukingo wake wenye magamba umefutika kiasi kwamba hata daktari anaweza kudhani ni pumu ya ngozi.

1. Soma majina ya dawa yaliyomo. Ukiona betamethasone, clobetasol, dexamethasone, mometasone au hydrocortisone, hiyo ina steroidi. Clobetasol ndiyo kali kuliko zote hapo. Clotrimazole au miconazole ikiwa peke yake ni ya fangasi tu.

2. Piga picha kabla ya kupaka chochote. Itamsaidia daktari kama mambo yatabadilika.

3. Kwa choa cha mwilini, kausha ngozi vizuri, kisha paka clotrimazole tupu mara mbili kwa siku, ukivuka ukingo kwa sentimita 2 hivi. Ni wiki 2 hadi 4. Tafadhali usiache siku kinapopotea machoni. Endelea japo wiki moja zaidi.

4. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu, kwa sababu fangasi wako ndani ya unywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvin, kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, kipimo kikifuata uzito wake. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Kichwa kikivimba na kutoa usaha, nenda hospitali mapema; nywele za hapo zinaweza zisiote tena.

Kwa nini nasisitiza watoto? Ngozi yao ni nyembamba na ni kubwa ukilinganisha na uzito wao, kwa hiyo steroidi nyingi huingia mwilini, na chini ya nepi huingia zaidi. Ngozi hukonda na kuacha michirizi. Ikipakwa muda mrefu, uso unaweza kuvimba na mtoto akadumaa. Karibu na macho inaweza kuleta presha ya macho. Marekani, mchanganyiko wa clotrimazole na betamethasone haushauriwi kwa walio chini ya miaka 17.

MASWALI

Mama, Bahi: Mwanangu anachunga ndama. Anapona, kinarudi. Nifanyeje?
Jibu: Pole mama. Angalia ndama wenyewe: mabaka ya kijivu, makavu, yasiyo na manyoya, kuzunguka macho na shingoni. Ni fangasi, na wanaambukiza watu. Mwite afisa mifugo, na mtoto anawe kwa sabuni akitoka zizini. Mkitibu mmoja tu, mtazunguka palepale.

Baba, Chang'ombe: Nikimnyoa upara mapunye yataisha?
Jibu: Hapana, kaka. Dawa ya kumeza ndiyo inayotibu. Ila mashine ya kinyozi isafishwe kwa dawa kabla ya kichwa kingine.

Mama, Kongwa: Basi steroidi ni sumu? Mwanangu mdogo alipewa na daktari.
Jibu: Siyo sumu, dada. Kwa pumu ya ngozi ni dawa nzuri, kwa kipimo na muda aliopanga daktari. Usimwachishe kwa sababu ya somo hili.

Mama, Ipagala: Nimempaka mchanganyiko usoni kwa miezi. Niache leo?
Jibu: Usikate ghafla bila daktari, mwili huenda umeizoea. Mpeleke hospitali wiki hii, ubebe na tyubu. Omba apimwe fangasi: wanakwangua magamba kidogo na kuyaangalia kwa hadubini.