Jinsi ya kukiweza kineno "get" bila kukariri dikshonari nzima

Haya wale mnaojifunza Kiingereza, kuna kineno cha herufi tatu kinatesa watu kuliko yale maneno marefu yote, nacho ni "get". Ukifungua dikshonari unakuta maana zimepangana hadi macho yanauma, basi mtu anaanza kukariri, moja kupata, mbili kufika, tatu kuelewa, akifika ya kumi kashasahau ya kwanza. Mi nimefanya hivohivo muda mrefu na nakwambia unajichosha bure. Achana na maana, we angalia kinachofuata baada ya "get", hicho ndo kinakupa jibu.

Kikifuata kitu, hapo ni rahisi, ni kupata, kupokea, kununua au kuleta. "I got your message", nimepata meseji yako. "I got a new phone", hapo hujui kanunua au kapewa na wala Kiingereza hakijali. "Get me a chair", niletee kiti. Na tusijifanye tunashangaa manake "pata" yetu nayo haijatulia, unapata kazi, unapata homa, unapata mtoto, alafu kisu nacho kinapata.

Shida inaanza kikifuata neno la hali, kama "tired", "wet", "old", "angry". Hapo sahau kabisa kupata. "Get" hapo inasema hali inabadilika, mtu anatoka huku anaingia kule, na sisi kwa kawaida kitenzi kimoja tu kinatosha: kuchoka, kulowa, kuzeeka, kukasirika. Ndo maana "I am tired" ni nimechoka, nishafika, ila "I'm getting tired" ni naanza kuchoka, bado niko njiani. Vilevile "she is married" ni hali yake, ameolewa, lakini "she got married" ni tukio, siku ile aliolewa. Ukishika hii hutasema tena "she got married for ten years" manake ndoa inafungwa siku moja bwana, hawafungi miaka kumi mfululizo, sema "she has been married for ten years".

Kikifuata mahali ni kufika. "Get to the airport" ina "to", ila "get home", "get here" na "get there" hazina, usiziongezee. Angalia tu "get to work", inaweza kuwa kufika kazini au kuanza kazi, bosi akikwambia hivo na we ushakaa kwenye kiti chako ujue hakuulizii safari.

Sasa hii ndo naipenda kuliko zote na ndo watu wengi wanaikwepa. Ukisema "I cut my hair" umesema umejinyoa mwenyewe. Kama kuna mtu kakunyoa inakuwa "I got my hair cut", yaani kitu kwanza, alafu kitenzi katika ile fomu ya tatu, kama "gone" kwenye go, went, gone. Ukigeuza ukasema "I got cut my hair" umeharibu. Kwetu tuna kitu hichohicho, mtu akisema nimeshonesha gauni hujamwelewa kwamba kakaa kwenye cherehani, umeelewa kapeleka kwa fundi, basi hiyo ni "I got a dress made". Ila uwe makini, umbo hilohilo linabeba na mikosi, "I got my phone stolen" haina maana ulimtuma mwizi!

Akifuata mtu ni hivi: "I got him to come", lazima uweke "to", na ndani yake kuna kumbembeleza, kumshawishi, kuhangaika naye kidogo mpaka akaja. "I made him come" haina "to" na hiyo mara nyingi ni kumlazimisha. Wengi wanachanganya hizi mbili kisha wanashangaa kwa nini sentensi inasikika vibaya.

Vineno vidogo kama "up", "over", "along", hapo kweli kukariri kupo, sikudanganyi. "Get along" kuelewana, "get over" kupona au kusahau machungu, "get away with" kufanya kosa na usiadhibiwe. "Wake up" ni kufumbua macho, "get up" ni kutoka kitandani, na wote tunajua katikati hapo kuna muda mrefu. Kwenye usafiri, chombo ambacho unaweza kusimama na kutembea ndani, kama basi, treni au ndege, ni "get on" na "get off", gari dogo ni "get in" na "get out of". Kuna siku nilikuwa nasimulia kitu mtu akanambia "get out of here!" nikanyamaza nimenuna, kumbe alikuwa anasema acha utani, yaani stori imemnogea.

"I've got" ni nina, tena ya sasa hivi, isikutishe ile sura ya wakati uliopita. "I've got to go" ni lazima niende, lakini "I got to see her" ni nilibahatika kumwona. Wamarekani wana "gotten" pia, kwao "I've got a car" ni nina gari na "I've gotten a car" ni nimepata gari, Waingereza wengi siku hizi hawaitumii, we chagua upande mmoja ukae hapo.

Kwenye barua ya kuomba kazi ipunguze, weka "receive", "become", "obtain", manake "get" ni ya maongezi. Ukitaka kujipima tafuta ukurasa mmoja wa maongezi ya Kiingereza, pigia mstari kila "get", alafu andika kila sentensi kwa Kiswahili bila kutumia "pata" hata mara moja. Pale utakapokwama kabisa ndo "pata" yenyewe.